Nani Atamtukana Mwinyijuma

Simu ilipolia nilikuwa nachambua maharage kwenye chumba cha tiketi. Usishangae, sisi tunaishi stesheni. Chumba cha tiketi ndilo jiko letu, chumba cha abiria wanalala mbuzi, na ile nyumba ya stesheni masta yenye varanda iliezuliwa paa mwaka wa mvua kubwa, kwa hiyo wenye nyumba siku hizi ni popo. Jina langu Ruthi. Niliolewa hapa Kwamsanja na Robert, mtoto wa mzee Zebedayo. Robert anapakia na kupakua mizigo kule Horohoro mpakani, nyumbani anakuja kama mgeni. Basi mzee ni wangu, mbuzi ni wangu, na habari mbaya zikija, nazo ni zangu.

Aliyepiga alikuwa jirani wa Makorora, mjini Tanga. Alisema mzee Mwinyijuma ametangulia mbele ya haki asubuhi ile, na wanamzika siku hiyohiyo baada ya sala ya Alasiri. Akakata simu, nami nikakaa na ungo mapajani, sina hamu ya kuinuka.

Baba mkwe alikuwa nje, kwenye ile sakafu ndefu ya saruji walikokuwa wakisubiri abiria. Kila asubuhi hukaa pale, ametazama majani yaliyoota palipokuwa na reli. Nikamwendea, nikamwambia bila kuzunguka, maana kwa umri wake kuzungukazunguka ni kumchosha tu.

"Baba, mzee Mwinyijuma amefariki."

Hakulia. Alipapasa fimbo yake.

"Wanazika saa ngapi?"

"Baada ya Alasiri."

"Basi nipe shati. Nisipofika, nani atamtukana?"

Hapo inabidi nieleze, maana vijana wa leo wakisikia habari hii wanadhani mzee ana wazimu. Baba mkwe ni Mnyamwezi. Mwinyijuma alikuwa Mdigo. Mnyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara, kabla reli haijaota hata mizizi. Mtani anakutukana ukiwa hai, na ukifa anakuja msibani kukutukana mara ya mwisho. Analizuia jeneza lisitoke, anadai hiki na kile, wafiwa nao wanamrudishia matusi yake, watu wanacheka huku machozi yanawatoka, ndipo anapisha njia. Mtu akizikwa bila mtani wake, wazee wanasema amezikwa kama wa kuokotwa. Na hawa wawili walikuwa wameahidiana zamani: atakayetangulia, mwenzake atakuja.

Kwamsanja haijawahi kuwa mji. Ilikuwa stesheni ya tawi. Treni iliacha njia kuu iendayo Moshi, ikakunja kufuata mashamba ya mkonge upande wa Maramba, na kabla ya kufika mwisho ilisimama hapa kujaza maji na kupakia marobota ya katani. Wanasema Mjerumani aliianza njia hiyo na Mwingereza akaimalizia. Mimi nasema waliijenga kina baba mkwe na baba zao, hao wengine walisimama kivulini na kunyoosha vidole. Babake Zebedayo aliletwa kutoka bara kuja kukata mkonge. Waliwaita manamba, kwa sababu mtu alipewa namba kabla hajapewa blanketi. Akafia kambini, na mwanawe aliyezaliwa kambini akaingia kwenye genge la reli angali kijana, akikaza misumari ya mataruma juani, mpaka alipopewa kazi ya kubadilisha njia. Treni ikija, mkono wake ndio ulioamua ipite wapi.

Mwinyijuma aliletwa kukata tiketi. Alishuka kwenye behewa na viatu vinavyong'aa, akamtazama Zebedayo kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Ahsanteni kwa kuniletea mpagazi. Mzigo uko wapi?"

"Mzigo ni wewe," Zebedayo akamjibu, "na hauna faida kuubeba."

Jioni ile walikula sahani moja. Tangu hapo hawakuacha kutukanana. Mmoja mla panya, mwingine mvivu mla nazi. Mmoja anaswali ili apumzike, mwingine anakwenda kanisani kuimba kwa kuwa nyumbani mkewe amemkataza. Mtoto wa kwanza wa Mwinyijuma, Idarusi, alipelekwa Makorora kwa shangazi yake angali mdogo ili asome chuoni na shule ya mjini. Akija likizo aliwakuta wazee wale wanakemeana huku na huku, akawaogopa. Alikuwa mtoto mpole, mwenye adabu nyingi, na hakukaa hapa muda wa kutosha kuelewa.

Halafu zikaja kamba za nailoni na katani ikakosa mnunuzi. Mashamba yakaingiliwa na vichaka. Treni iliyokuwa ikija kila siku ikawa ya mara moja kwa juma, kisha ikawa inakuja ikijisikia. Hakuna aliyekuja kusema njia imefungwa. Ndiyo maana Mwinyijuma aliendelea kufungua dirisha lake kila asubuhi, na Zebedayo akaendelea kupaka grisi mitambo ya njia. Watu wa kazi ndivyo walivyo, hawaachi mpaka waambiwe, na wa kuwaambia alikuwa ameshasahau kwamba wapo.

Katika siku hizohizo Zebedayo aliamua kwenda Tabora, kwa mara ya kwanza maishani, akapaone kwao baba yake. Alikata tiketi kwa Mwinyijuma. Akavaa koti, akafunga kikapu, akakaa kwenye sakafu ya abiria. Treni haikuja siku ile, wala juma lile. Haikuja tena. Baadaye wakaja watu na magari, wakang'oa reli, wakaondoka nazo. Tabora hajaiona mpaka leo. Mwinyijuma alimcheka kwa habari hiyo maisha yake yote, na Zebedayo alimwita mwizi wa tiketi maisha yake yote, na sidhani kama siku moja walikaa wakaiongelea bila utani. Yapo mambo huwezi kuyagusa kwa mkono mtupu.

Mama mkwe, Anastazia, alipofariki, nilikuwa mgeni kwenye ukoo huu. Tulimchimbia kaburi nyuma ya tangi la maji. Mwinyijuma, aliyekuwa ameshahamia mjini kwa wanawe, akaja, akakaa juu ya ule udongo, akasema haruhusu. Mwanamke huyu, alisema, alimpenda yeye Mdigo, akaolewa na Mnyamwezi kwa kumwonea huruma, kwa hiyo hazikwi mpaka aletewe jogoo wa fidia. Nilitaka ardhi inimeze kwa aibu. Mara nikamwona baba mkwe anacheka. Siku ya kumzika mkewe, anacheka mpaka anashika magoti. Nikaelewa kwamba bila kicheko kile asingerudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Miaka ya mwisho Mwinyijuma hakutoka tena Makorora, miguu ilimkatalia safari. Wakawa wanatukanana kwa simu kila Ijumaa. Vocha nanunua mimi.

Basi siku ile ya msiba nilimvalisha mzee shati jeupe, nikamwomba jirani yetu Fanueli, anayepeleka machungwa mjini, atubebe kwenye pikapu yake. Njia nzima mzee alikuwa anasogeza midomo. Nilidhani anasali. Nilipomwinamia nikasikia anapanga matusi, anachagua, anaacha, anarudia.

Tulifika watu wameshajaa. Turubai limefungwa kutoka nyumba hadi nyumba, wanaume kwenye mikeka na viti huku, wanawake kule. Wazee wa kujua mambo walikuwa wametangulia msikitini kungojea maiti aletwe kusaliwa. Waliobaki nyumbani walikuwa vijana na watu wa makamo, watu wa mjini waliovaa kanzu zilizopigwa pasi. Nilimtafutia baba mkwe kiti upande wa wanaume, nikaenda kukaa na wanawake. Mjane, Bi Mwanasiti, alikuwa ndani amezungukwa, sikuweza kumfikia.

Jeneza likatolewa likawekwa uwanjani. Sheikh mmoja kijana akasimama, akasema maneno yanayosemwa siku zote. Ndugu Waislamu, kama yupo anayemdai marehemu, awaone watoto wake. Kama yupo aliyekosewa naye, tunamwombea marehemu msamaha.

Baba mkwe akainua fimbo.

"Mimi namdai."

Watu wakageuka. Akainuka kwa taabu, akajikongoja hadi mbele ya jeneza, akasimama katikati ya njia. Nikafurahi, kwa kweli. Nikajisemea, haya sasa.

"Namdai treni," akasema. "Mwizi huyu alinikatia tiketi ya Tabora, treni haijaja. Hatoki hapa mpaka niione. Na msimbebe haraka, hakuzoea haraka. Mdigo huyu hata kufa amekufa amelala."

Akasubiri. Ilikuwa zamu yao.

Hakucheka mtu. Nilisikia mwanamke jirani yangu akivuta pumzi. Vijana wawili walitazamana. Akajitokeza Idarusi, yule mtoto mwenye adabu, sasa mtu mzima mwenye mvi kidevuni na duka lake la vipuri. Macho yalikuwa mekundu. Akamshika baba mkwe mikono yote miwili na kuinama.

"Shikamoo mzee wangu."

"Mimi si mzee wako," baba mkwe akasema, bado ana matumaini. "Nijibu."

"Mzee wangu, niambie deni lenyewe ni lipi, nitalibeba mimi. Baba asilale nalo."

Hapo ndipo nilipofahamu. Alikuwa hamwoni mtani wa baba yake. Alikuwa anamwona adui wa utotoni, yule mzee mkali wa stesheni, amekuja na kinyongo chake mpaka kwenye jeneza. Na kwao deni la maiti si mchezo, roho yake hubaki imening'inia mpaka lilipwe. Yule mtoto wa watu alikuwa anaogopa kwa ajili ya baba yake.

"Deni lake halilipiki," baba mkwe akasema polepole. "Nitukane."

"Siwezi kukutukana, mzee wangu."

"Nitukane, mwanangu. Ndiyo malipo."

"Astaghfirullah. Nakuomba radhi kwa niaba ya baba. Nakuomba mbele ya watu wote hawa."

Nikamgeukia yule mwanamke jirani, nikamwambia, dada, ni utani ule, huyu ni mtani wake. Akaniambia kwa upole nimwondoe mzee wetu, jua limemzidi. Nikatamani kusimama niseme kwa sauti. Sikusimama. Mimi Mshambaa, Mlutheri, mkwe wa watu, nisimame nifundishe msiba wa Waislamu namna ya kuzika? Nilikaa, na kukaa kule kuliniuma.

Sheikh akaja naye, akasema taratibu kwamba muda wa sala unapita, na kusamehe ni bora zaidi kwa mwenye kudai. Heshima ilikuwa kila mahali. Walimheshimu baba mkwe mpaka wakamziba pumzi. Nilimwona anatazama uso mmoja hadi mwingine, akitafuta hata mmoja uliokunjwa kwa hasira, hata mmoja wa kumwita mla panya, asiuone. Mabega yakamshuka.

"Nimesamehe," akasema.

Akapisha. Jeneza likainuliwa, wakaondoka wakisema La ilaha illa Allah, Mwinyijuma akaenda zake kimya kama mtu mwingine yeyote. Idarusi alimwagiza kijana amletee mzee sahani ya wali na nyama nzuri. Hakuigusa.

Kurudi, Fanueli alitubeba tena. Karibu na nyumbani mzee akaniuliza, bila kunitazama, "Ruthi, na mimi nani atanitukana?"

Robert ni mwanawe, haruhusiwi. Mimi ni mkwe, nikithubutu nalaaniwa. Watani wa njia hii wamekwisha, mmoja mmoja, kama stesheni zilivyokwisha. "Tufike kwanza nyumbani, baba," nikamwambia. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, jibu la mtu aliyechoka.

Siku zilizofuata hakula vizuri. Hakukaa kwenye sakafu ya abiria. Alilala ubavu akitazama ukuta, na nilipomletea uji alisema ahsante, neno ambalo hajawahi kunizoesha. Nikampigia Robert simu nikamwambia aombe ruhusa. Nilijua ninachokiona. Mtu hafi siku moja, anaanza.

Baada ya khitma ya siku ya tatu ikaja pikipiki. Aliyeshuka ni Idarusi, kanzu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Nikamkaribisha, nikamtolea kigoda, akakataa kukaa. Alikuwa na sura ya mtu aliyetumwa na hataki.

"Mama amenikasirikia," aliniambia. "Amepata habari jana kutoka kwa wanawake, ati kuna mzee kichaa alizuia jeneza. Akauliza mzee gani. Tulipomwambia, alilia kuliko siku ya msiba. Amesema tumemzika baba yetu kama tumemwokota barabarani. Dada yangu, mimi nilijua wanachukiana. Tangu mdogo, najua wanachukiana."

"Hukukosea sana," nikamwambia. "Kwa kuwasikiliza tu, nani angejua."

"Mama amesema utani unarithiwa. Amesema nije, na nisirudi mpaka nimefanya."

Baba mkwe alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni ameshika kizingiti. Idarusi akamwona, na kichwa kikaanza kuinama chenyewe kwa ajili ya shikamoo. Akajizuia. Mtu mzima, mwenye duka, amesimama kwenye stesheni isiyo na reli, anatafuta tusi.

"Wewe," akasema. "Wewe Mnyamwezi. Mama amesema... wewe ni mla panya."

Mbuzi walisikika zaidi yake.

"Hilo ni la mama yako," baba mkwe akasema. "Lako liko wapi?"

"Mzee wangu, sijazoea."

"Baba yako alizoea siku moja tu. Njoo nikuonyeshe kitu."

Akatoka bila kiatu kimoja. Nikataka kumshika mkono, akanisukuma kwa kiwiko. Walipita pembeni ya tangi la maji, mimi nyuma yao, mpaka kwenye makaburi. Yako machache pale, ya watu wa genge na wake zao, na la mama mkwe nimelizungushia maua ya nyumbani. Baba mkwe akasimama kando ya kaburi la mkewe, akachora mstari kwenye nyasi kwa fimbo.

"Mimi nitalala hapa. Siku ya kunizika ndipo utakuja. Tazama vizuri, usije ukapotea."

Idarusi akatazama. Alilitazama kaburi la Anastazia na maua yake, akautazama mstari ulioko ubavuni mwake, akanitazama mimi, na sikumsaidia. Alijifuta jasho. Akamtazama mzee tena, miguu yake yenye kiatu kimoja, na kitu fulani kikalegea usoni mwake.

"Hapa?" akasema. "Karibu na mwanamke msafi kama huyu? Hapa ni pazuri mno kwa mpagazi. Mwanamke amepumzika kelele zako miaka yote hii, leo umrudie? Sitakubali. Nitakukokota kwa mguu mpaka kule kwenye mkonge, ukawafukuze panya usiowamaliza kula."

Baba mkwe alicheka. Kicheko kilianza tumboni, kikamkwama, kikageuka kikohozi, kikarudi tena, mpaka akaangusha fimbo na kumshika Idarusi bega asianguke. Idarusi naye akaanza kucheka, machozi yanamchuruzika kidevuni kwenye zile mvi, akisema baba, baba, sijui alikuwa anamwita yupi. Mzee akamwita mwana wa mwizi. Akamwambia tusi la mkonge ni zuri, lakini alitengeneze mwisho wake, limalizike haraka zaidi.

Walirudi wameshikana mikono, na mzee aliomba ugali. Niliingia jikoni kuusonga. Nikafunga dirisha la tiketi ili wasinione, nikalia, kwa sababu alikuwa na furaha, na kwa sababu alikuwa ameshamaliza kupanga yote, kwa hiyo kilichobaki ni siku yenyewe tu.